Brando, kuli wa Hoboken: niliyosema usiku wa senema

Kwa nyinyi mlioniandikia kwamba mlikosa kufika, haya hapa maneno yote niliyosema baada ya picha kwisha. Nimeyaacha vile vile yalivyotoka mdomoni, zile picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziruka.

Wazee wangu wa bandarini mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Kina mama, hamjambo. Vijana wa kikundi cha maigizo, nawaona mmejibanza huko nyuma karibu na mlango, msidhani sijui mwataka kutoroka. Na wewe uliyekuja kwa sababu uliskia kuna kahawa na kaimati, karibu sana, kahawa ipo lakini itangoja kidogo.

Haya, mmeitazama. On the Waterfront, picha ya mwaka 1954, dakika 108 za nyeusi na nyeupe, hakuna wimbo, hakuna gari lililolipuka, na hakuna hata mmoja wenu aliyetoka nje kuvuta sigara, nilikuwa nawaangalia. Sasa nataka niwaulize. Mlikuwa mwatazama nini? Hadithi si ngeni kwenu: genge limeshika bandari, makuli wanyonywa, kijana mmoja aamua kusema. Picha za namna hiyo tushaziona mpaka tukachoka. Basi mlikuwa mwatazama nini?

Mlikuwa mwamtazama Marlon Brando. Na mimi leo nina neno moja tu, ntalizunguka huku na huku mpaka mchoke nalo: huyu mtu tuzo yake aliipata kwa kusikiliza. Maneno kila muigizaji anayo, yameandikwa kwenye karatasi, unayameza unayatema. Lakini kusikiliza mbele ya kamera, mpaka mtu aliyekaa huku Mombasa miaka sabini baadaye aone kwamba neno limeingia na limemuumiza mtu, hiyo ndo kazi.

Mwanzo tuwekane sawa kuhusu tuzo yenyewe, manake kuna watu hudhani Oscar ni za kupeana tu. Usiku wa tarehe 30 Machi 1955 hii picha ilichukua tuzo nane: picha bora, dairekta bora ambaye ni Elia Kazan, hadithi na skripti ya Budd Schulberg, kamera ya Boris Kaufman, na nyinginezo, na yule binti Edie, Eva Marie Saint, akachukua yake na hiyo ndo ilikuwa picha yake ya kwanza ya senema. Brando akawa muigizaji bora wa kiume. Zilikuwa zimebaki siku chache atimize miaka 31. Na kabla ya hapo alishawekwa kwenye orodha miaka mitatu mfululizo, mara zote tatu akatoka kapa, mara ya kwanza aliyembwaga alikuwa Humphrey Bogart, na huyo huyo Bogart mwaka huo wa 1955 alikuwemo tena kwenye orodha. Kwa hivyo musije mkanambia alipewa kwa ajili ya sura.

Hadithi pia haikuokotwa hewani. Kulikuwa na mwandishi wa gazeti la New York Sun, Malcolm Johnson, aliyeandika mfululizo wa habari kuhusu ujambazi wa bandari ya New York, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1949. Picha wakaipigia Hoboken, New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka Manhattan, tena msimu wa baridi, ule moshi mliokuwa mwauona ukitoka midomoni si ujanja wa kamera, ni pumzi za watu wanaoganda. Makuli wengi mliowaona pale ni makuli wa kweli wa Hoboken. Na ile mijitu mitatu ya Johnny Friendly, yule mkubwa wa genge, yenye mashingo hayo, Tony Galento, Abe Simon na Tami Mauriello, wote watatu washawahi kupanda ulingoni na Joe Louis kugombea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Sasa fikiria wewe ni muigizaji, wapangiwa watu hao wakupige.

Wazee wangu, kuna sini moja nliona mmeanza kunong'onezana. Ile ya asubuhi, watu wamejazana mbele ya geti, nyapara apuliza filimbi, aanza kuchagua: wewe, wewe, wewe toka. Halafu vile vibati vya kazi avirusha juu, watu wazima wenye watoto na wake watambaa chini wakivigombania. Nyinyi hamkuhitaji mtu kuwaeleza, sivyo? Kilindini kibarua kilitolewa hivyo hivyo kwa siku, ukikosa leo rudi kesho, na nyapara ukimuudhi waweza kurudi kesho mpaka mwezi ukaisha. Ndo maana tarehe 13 Januari 1947 huu mji wote ulisimama, si bandari peke yake, reli, mahoteli, watumishi wa nyumbani, watu wakakusanyika uwanjani wakauita Kiembeni Ruhusa, na kutoka hapo akainuka Chege Kibachia na chama chake cha wafanyakazi mpaka serikali ya mkoloni ikamkamata mwaka huo huo. Na sasa sikilizeni hii, mimi hunisisimua kila nikiifikiria: mwezi ule ule wa Machi 1955 ambao Brando alipewa Oscar kwa kuigiza kuli, makuli wa Mombasa walikuwa kwenye mgomo wao, na Tom Mboya alikuja kusuluhisha. Mwezi mmoja! Kule wapiga makofi kwa kuli wa senema, huku kuli wa kweli yuko nje ya geti. Msomi mmoja wa Marekani, Frederick Cooper, alipoandika kitabu chake kuhusu makuli wa Mombasa mwaka 1987 alikiita On the African Waterfront. Sidhani jina hilo lilimjia kwa bahati.

Turudi kwa Brando na ile sini ya vibati, manake hapo ndo nataka muanze kumuona. Edie ameingia kwenye vurugu kumtafutia babake kibati. Terry, ndo huyo Brando, bondia wa zamani, akidaka kabla yake, amchezea, akiinua juu, acheka, ni mchezo wa kijana na msichana, mshaucheza nyote. Halafu sauti yaja kutoka kando, hujui hata ni nani aliyesema, kwamba huyo ni dadake Joey Doyle. Joey ndo yule kijana aliyerushwa kutoka juu ya paa, na Terry ndo aliyemwita apande huko juu, kwa chambo cha njiwa. Tazama uso wa Brando hapo. Hashtuki, hajishiki kifua. Kile kicheko kinabaki usoni lakini kishakufa, kimesahauliwa pale. Akitoa kibati, amkabidhi. Hana neno la kusema. Kama mlikuwa mwala njugu saa hiyo basi imewapita, na picha nzima imeegemea hapo.

Vijana wa kikundi, hii yenu. Mwaka jana tulikuwa kwenye mazoezi, mmoja wenu, simtaji lakini yuacheka saa hii, alipewa sini ya kupokea habari kwamba mamake amefariki. Akafanya nini? Akajitupa chini, akapiga yowe, akagaagaa, akararua shati ambalo si lake. Watoto waliokuwa dirishani wakaangua kicheko. Sasa mimi nliwahi kuona mtu akiletewa habari kama hiyo. Mama mmoja jirani yetu, akiuza viazi karai barazani jioni, na simu ikaja. Akaskiza. Akaiweka simu kwenye kitambaa. Akamgeukia mteja akamuuliza, nikutilie ukwaju au pilipili? Mteja akasema ukwaju. Akatia ukwaju, akatia tena, akatia tena, sahani ikajaa mpaka ukawa wamwagika kwenye kanga yake na yeye bado achota. Mteja ndo aliyemshika mkono. Mimi nlikuwa nimesimama hapo, ntakufa nayo hiyo.

Mikono, jamani. Mikono ndo hubaki ikifanya kazi wakati mtu mwenyewe hayupo. Na Brando alilijua hilo. Ile sini ya uwanja wa watoto, Terry na Edie watembea, wataka kuzungumza lakini hawajui waanzie wapi. Edie aangusha glavu. Inasemekana kwenye mazoezi ilianguka tu, Eva Marie Saint hakukusudia. Sasa mngefanya nini nyinyi? Mngesimama mkasema dairekta, tuanze upya. Brando akainama akaiokota. Na hakumrudishia. Akaketi kwenye bembea, akaipangusa, akaanza kuitoa uchafu taratibu, akaikunjua vidole, halafu huku aongea mambo mengine kabisa akaivaa. Mkono wa bondia ndani ya glavu nyeupe ya msichana wa kanisani! Edie hawezi kuondoka manake glavu yake iko mateka, na hawezi kuidai manake itakuwa ni kumgusa mkono. Dakika nzima ya mapenzi na hakuna aliyesema neno la mapenzi. Mimi nna wivu na hiyo glavu mpaka leo.

Na oneni ilivyo: yule Edie ndo aliyeangusha, Brando alichofanya ni kupokea. Hiyo ndo njia yake picha nzima. Mwenzake akimpa kitu, hata kama ni kosa, yeye hupokea.

Sasa kuna watu huniambia, ah, Brando hunung'unika tu, maneno hayasikiki, huyo ni muigizaji gani. Kweli, hunung'unika. Lakini mmeona ile sini ambayo dairekta amemnyima maneno kabisa? Terry ameamua kumwambia Edie ukweli, kwamba yeye ndo aliyemwita kakake apande darini. Yule padri amemsukuma, nenda mwambie. Amkimbilia pale kando ya maji, afungua mdomo, na meli yapiga honi. Sisi watu wa Likoni twaijua honi ya meli, ikipiga hapo kivukoni hata ukiwa wagombana na mumeo itabidi ungoje. Hapa haingoji mtu. Honi yalia, mitambo yagonga, Terry yuazungumza na hatuskii, twaona tu mdomo na mikono yake, ajigonga kifua, anyoosha vidole, na upande wa pili twaona Edie mikono imepanda masikioni, macho yametoka. Maneno mawili matatu tu ndo yapenya. Kazan alijua kwamba sisi habari twaijua tayari, hatuhitaji kuambiwa mara ya pili, tunachohitaji ni kuona jinsi inavyotoka kwa mmoja na kuingia kwa mwengine. Ni muigizaji gani siku hizi ungemwambia, tuliza roho, sini yako kubwa ya kuungama tutaifunika na honi, asikupigie wakala wake simu akilia?

Kisha teksi. Najua mlikuwa mwaingoja.

Wacha niwaambie mazingira kidogo manake yachekesha. Ile teksi haikuwa teksi, ilikuwa kipande cha gari ndani ya studio, watu wakiitikisa. Ilitakiwa nyuma kwenye kioo uone barabara yapita, vifaa vya kuonyesha barabara havikuwepo, basi wakaweka pazia la vipande kwenye kioo cha nyuma mambo yakaisha. Teksi yenye pazia! Mmewahi kuiona wapi? Na hakuna mtu aliyeuliza hata mmoja, hata nyinyi hapa hamkuuliza, kwa sababu nani ana muda wa kuangalia kioo.

Ndani mna ndugu wawili. Charley, Rod Steiger huyo, kakake mkubwa, msomi wa familia, mkono wa kulia wa Johnny Friendly, koti zuri. Ametumwa amnyamazishe mdogo wake, kwa hela au kwa bastola. Ajaribu hela, kazi nzuri, usipinde mgongo, wewe nyamaza tu. Terry hasemi ndio wala la. Charley achomoa bastola amuelekezea ndugu yake wa damu. Sasa fikirini mngeiandika vipi hiyo nyinyi, au watu wa tamthilia za jioni wangeiandika vipi. Muziki, kelele, wang'ang'ania bastola, itoke risasi ipasue kioo.

Brando akafanya nini? Akaugusa ule mdomo wa bastola kwa mkono, akausukuma pembeni polepole, vile mama humsogeza mtoto aliyelala. Akatikisa kichwa. Akamwita kakake jina. Basi. Hakukasirika! Amemuonea huruma. Kwenye mazoezi ndo aliwaambia kwamba hakuna mtu atakayetoa hotuba ndefu na bastola i mbavuni mwake, hilo haliwezekani, na Kazan mwenyewe kwenye kitabu chake cha maisha yake alikiri kwamba sini hiyo sifa apewa yeye lakini ni Brando na Steiger walioitengeneza. Halafu ndo yaja yale maneno mashuhuri, kwamba angeliweza kuwa mtu wa maana ulingoni, angeliweza kugombea ubingwa, badala yake ni mtu ovyo, na aliyemuuza si Johnny Friendly, ni wewe Charley, kakangu, wewe ndo uliyekuja chumbani usiku ule ukaniambia leo si usiku wako. Hao wakubwa walikuwa wamebeti upande wa pili. Kaka alimuuza mdogo wake kwa hela za kamari.

Mwalimu wa ndondi wa Brando kwa hii picha alikuwa Roger Donoghue, bondia ambaye mpinzani wake, George Flores, alifariki baada ya pambano lao la mwaka 1951. Ukijua hivyo, ukimtazama Brando mabega yake, ile shingo inavyokaa, unajua yule mtu hakufundishwa ngumi peke yake.

Nikwambieni kisa. Kuna jamaa mmoja wa tuktuk, stendi yake Buxton, hupenda kunipakia manake twapiga stori. Siku moja foleni imekaza, nikamuonyesha ile sini ya teksi kwenye simu, bila kumueleza chochote, na Kizungu chenyewe cha Brando kile hata Wazungu chawashinda. Akatazama mpaka mwisho. Akasema, hebu rudisha. Nikarudisha. Mimi nikidhani ataka kumuona Brando tena, kumbe yuawekea kidole juu ya Charley. Ataka kumuona kaka uso wake. Kisha ndo akanieleza, ujanani alikuwa mchezaji mpira, alipata nafasi ya kwenda kujaribiwa nje, hela za pasipoti alimuachia kakake mkubwa amshikie. Mwaka huo kaka akamwambia hela zimeingia kwenye jambo la dharura, ngoja mwaka ujao. Mwaka ujao goti likawa limeenda. Na kaka yupo, wakaa nyumba moja, wala daku pamoja kila Ramadhani. Hajawahi kumwambia. Akanambia, mimi natazama kama huyu mkubwa anajua alichofanya.

Na jibu ni kwamba anajua! Steiger yuajua! Ule uso unaporomoka pale pale, na Steiger aliuporomosha peke yake, manake Brando alikuwa na ruhusa ya kutoka mapema kwenda kwa daktari wake wa mambo ya akili, sini zake zikishapigwa huyoo ashaenda, na Steiger ilipofika zamu yake ya kamera ikabidi mtu mwengine amsomee maneno ya Brando. Steiger hakumsamehe, alilisema hilo miaka na miaka. Na mimi namuunga mkono Steiger, wallahi. Mtu nimekaa hapa namsifu kwa kusikiliza, kumbe zamu ya mwenzake ya kusikilizwa alikuwa kwenye gari arudi mjini! Vijana, hilo musimuige. Muigeni glavu.

Brando mwenyewe aliwahi kuandika, kwenye kitabu chake cha 1994, kwamba ile sini ya teksi haikuhitaji yeye, muigizaji yeyote angewatoa watu machozi manake kila mtu duniani huamini kwamba angeliweza kuwa mtu fulani. Na alisema alipoonyeshwa picha ilipokamilika alichukizwa na kazi yake mwenyewe akainuka akatoka chumbani. Mimi kwenye la kwanza nampa nusu. Kweli sisi sote tuna angeliweza yetu, huyo wa tuktuk ni ushahidi. Lakini yeyote? Nyinyi wenyewe mwajua kuna watu wakisimulia shida zao machozi yakutoka na wengine wakisimulia shida kubwa zaidi watazama saa.

Sasa kuna jambo ambalo siwezi kuliruka, na wengine mtakasirika. Hii picha ni picha ya mtu anayewataja wenzake mbele ya tume, na sisi twampigia makofi. Aliyeipiga, Kazan, tarehe 10 Aprili 1952 alisimama mbele ya kamati ya bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akataja majina ya watu wanane aliokuwa nao kwenye kikundi chao cha maigizo. Kikundi cha maigizo, vijana, mwaniskia? Schulberg aliyeandika alishawataja wa kwake mwaka mmoja kabla. Watu walinyimwa kazi miaka na miaka kwa mambo hayo. Kwa hivyo wengi walioitazama picha wakasema, aah, hawa wajitetea. Brando mwenyewe alisita kufanya kazi na Kazan kwa sababu hiyo, na baadaye akaandika kwamba wakati wakiipiga hakuwa ametambua kwamba picha ndo utetezi wenyewe. Mwaka 1999 Kazan alipopewa Oscar ya heshima kuna watu ukumbini walikataa kusimama, walikataa hata kupiga makofi, na Kazan alikuwa mzee wa miaka 89.

Hapa kwetu pia twajua uzito wa jambo hilo. Mtaani mtu akishaitwa mchomaji amekwisha, hata kama aliyemchoma ni muuza unga aliyemaliza watoto wa mtaa mzima. Na kuna tofauti kubwa kati ya kumtaja muuaji na kumtaja rafiki yako aliyewahi kuhudhuria mkutano. Kazan alizichanganya hizo mbili, mimi hivyo ndo nionavyo, alichukua kisa cha wauaji akajifunika nacho.

Lakini mtazameni Brando baada ya ushahidi. Kuna ushujaa wowote pale? Askari wamsindikiza nyumbani. Jirani apita asimsalimu. Apanda darini kwa njiwa wake, na yule mtoto aliyekuwa akimuabudu amewaua wote, amrushia mmoja mfu huku alia. Brando hasemi. Amshika yule njiwa, na uso wake ni wa mtu aliyefanya sawa na bado ana haya. Kazan alitaka shujaa. Brando akampa mtu mwenye aibu, na aibu hiyo ndo imeifanya picha kuwa kubwa kuliko nia ya aliyeitengeneza. Tuzo yote mimi ningeitoa hapo hapo darini, kabla ya ngumi za mwisho.

Manake mwisho, niseme ukweli wangu, sijaupenda hivyo. Padri ahubiri sana, muziki wa Leonard Bernstein wazidi kupanda mpaka wakuamrisha ulie, na Terry amepigwa hatambuliki lakini lazima atembee peke yake mpaka kwenye bohari ndo wenzake wamfuate. Brando bado yuko sawa, yumba yake ni yumba ya mtu ambaye goti halimsikii, hajifanyi. Lakini swali langu ni hili. Wote wameingia ndani, mlango umeshuka. Johnny Friendly yuko majini. Yule mwenye mali aliyesimama mlangoni akisema haya twendeni kazini, yeye amepoteza nini? Meli yake yapakuliwa leo leo, hata masaa hakukosa. Makuli wa Kiembeni mwaka 1947 hawakungoja mtu mmoja apigwe ndo waingie kazini, walitoka wote, tena walitaka mshahara wa kueleweka.

Mzee wangu wa kofia ya viua hapo mbele, nimekuona, toka niliposema habari za nyapara mkono wako uko juu na mimi najifanya sioni. Mpitishieni maiki. Na mtu aende akaangalie ile kahawa haijachemka mpaka ikakauka.